Feri ya Likoni na Meli za Kitalii Kilindini: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Naishi Likoni na kazi yangu ni kupokea wageni upande wa kisiwani, kwa hivyo navuka asubuhi na jioni, siku sita za wiki. Maswali haya huulizwa na ndugu wanaoteremka kutoka bara, madereva wanaovuka kwa mara ya kwanza, na watu wenye wageni wanaokuja na meli. Nimeyajibu kama ninavyomjibu mtu aliyesimama mbele yangu na mkoba begani.

Abiria wa baharini hupandia na kushukia wapi hapa Mombasa?

Ni sehemu mbili hasa, na zote mbili zinatumia maji yale yale. Ya kwanza ni kivuko cha Likoni, kinachounganisha kisiwa na pwani ya kusini. Hapo huvuka zaidi ya watu 300,000 kwa siku, pamoja na magari kama 6,000. Ya pili ni jengo la abiria wa meli za kitalii, gati namba 1, ndani ya bandari ya Kilindini.

Ukitazama ramani utaona mkondo mmoja unaoingia kutoka bahari kuu, ukapita mbele ya Likoni, kisha ukapinda kwenda Kilindini. Jina lenyewe linajieleza: kilindi ni maji ya kina kirefu. Ndiyo maana meli kubwa ziliiacha Bandari ya Kale, ile ya karibu na Fort Jesus, zikahamia upande huu. Bandari ya Kale imebaki na majahazi na mashua.

Kuna na kivuko cha Mtongwe, lakini huduma ya feri ya huko imekuwa ya kusimama na kuanza tena kwa miaka mingi. Ukiwa mgeni, hesabu Likoni tu.

Nauli ya feri ni kiasi gani?

Mtu wa miguu halipi kitu. Akikuambia mtu umpe chochote ili upite, usimpe. Magari, tuktuk na pikipiki hulipa kulingana na ukubwa, na malipo ni kwa simu, kwa hivyo hakikisha una salio la M-Pesa kabla hujaingia kwenye foleni.

Feri hufanya kazi saa ngapi?

Usiku na mchana. Usiku wa manane huwa chache na utangoja zaidi.

Saa zenye watu wengi ni kuanzia saa kumi na mbili hadi saa tatu asubuhi, watu wa Likoni wakienda kazini kisiwani, na kuanzia saa kumi jioni hadi saa mbili usiku, watu hao hao wakirudi. Kama safari yako inaweza kungoja, vuka saa tano asubuhi. Utaona sakafu ya feri, jambo usiloliona saa moja.

Mbona wakati mwingine feri imejaa, mlango umeinuliwa, lakini haiondoki?

Tazama upande wa bahari kuu. Karibu kila mara utaona meli inaingia au inatoka. Kila meli ya makontena, ya mafuta au ya kitalii inayokwenda Kilindini hupita katikati ya njia ya feri, na hapo mkondo una upana wa mita 500 hivi tu. Meli kubwa haina breki. Hata ikipunguza mwendo inaendelea kuserereka, na rubani wa bandari aliye juu yake pamoja na tagi, yaani mashua za kuvuta meli, zinazoisindikiza hawana nafasi ya kuikwepesha. Kwa hivyo feri ndiyo inayongoja.

Watu hulalamika, na mimi pia huangalia saa yangu. Lakini hapa sipendi mtu amfokee nahodha. Ukishaiona meli ya urefu wa mita 290 ikipita mbele ya uso wako, kuta zake zikiziba jua, utaelewa ni kwa nini nahodha wa feri hawezi kujaribu kuiwahi.

Niko na gari. Nifanye nini nisiharibikiwe?

Kwanza jua maji yakoje. Bahari ya Mombasa hupanda na kushuka kama mita nne wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo. Maji yakipwa sana, feri inakaa chini na mteremko wa kuingilia unakuwa mkali. Gari la chini hukwaruza bampa pale mteremko wa saruji unapokutana na mlango wa chuma wa feri. Nimewaona madereva wakiingia kwa kasi wakidhani ndiyo njia ya kuvuka kile kizingiti. Ni kinyume chake: ingia polepole, kwa mshazari kidogo ukiruhusiwa, na mfuate mfanyakazi anayekuelekeza kwa mkono. Siku za maji mafu, bahari isipopanda na kushuka sana, hutahisi kitu.

Ukishasimama, vuta breki ya mkono, weka gia, zima injini, fungua mkanda na teremsha vioo. Abiria wako washuke wavuke kwa miguu. Usiliwashe gari mpaka feri iwe imegusa upande wa pili na mlango umelala.

Je, feri ni salama?

Sitalijibu swali hili harakaharaka, kwa sababu huku kwetu kila familia ina mtu wake.

Tarehe 29 Aprili 1994, feri ya Mtongwe ilipinduka asubuhi ikiwa imebeba watu kupita kiasi. Watu 272 walikufa, karibu na nchi kavu, wengi wao wakienda kazini. Tarehe 29 Septemba 2019, gari liliteleza kutoka kwenye feri ya Likoni likazama na mama na binti yake wa miaka minne ndani. Iliwachukua wapiga mbizi siku 13 kuwatoa. Kwa siku zile wapita njia walikuwa wakisimama kandokando ya maji bila kusema neno.

Kwa hivyo watu wa Likoni hatuuchukulii uvukaji huu kama mchezo, hata kama tunauza karanga na kupiga soga humo ndani. Safari yenyewe ni ya dakika chache, na maelfu huvuka kila saa wakafika salama. Hatari kubwa kwa mtu wa miguu si maji, ni msongamano: wakati milango ya kituo inapofunguliwa na umati unateremka kwa pamoja, na wakati wa kutoka ambapo kila mtu anataka kuwa wa kwanza kukanyaga saruji. Saruji ile huwa na maji na ukungu wa kijani. Mtu akiteleza mbele, wa nyuma wanamjia.

Fanya hivi: mshike mtoto kwa kifundo cha mkono, si kwa vidole, kwa sababu vidole huchopoka. Weka mkoba mbele ya kifua. Usisimame kwenye mlango wa chuma wala karibu na minyororo. Feri ikionekana imejaa kupita kiasi, iache. Nyingine inakuja.

Mama mjamzito, mzee, au mtu mwenye kiti cha magurudumu atavukaje?

Asiingie kwenye umati wa kituoni. Nenda moja kwa moja kwa mlinzi au mfanyakazi wa feri, msalimu, mweleze. Kwa kawaida huwatanguliza watu hawa kabla ya lango kubwa kufunguliwa. Mamangu ana miaka zaidi ya sabini na goti bovu. Kila anapovuka mimi humtafutia mlinzi, na sijawahi kukataliwa. Vijana wa huku nao, ukimwambia mmoja "mwanangu, nisaidie mzigo", atakusaidia. Ila ushike mzigo kwa macho.

Kuna njia ya kwenda Diani bila kuvuka feri?

Ipo. Barabara ya Dongo Kundu inatoka Miritini, inapita madaraja ya Mwache na Mteza na kutokea Kibundani, kwenye barabara kuu ya Lunga Lunga. Daraja la Mteza peke yake lina urefu wa karibu kilomita moja na nusu. Kwa mtu anayetoka Nairobi kwa gari, au anayeshuka treni ya Madaraka Express pale Miritini, hii ndiyo njia. Hakuna haja ya kuingia kisiwani.

Kwa anayekaa Likoni na kufanya kazi Mwembe Tayari, barabara hiyo haimsaidii. Ni mzunguko mrefu na ni nauli. Yeye bado ni mtu wa feri, na atakuwa hivyo mpaka daraja la Likoni linalozungumzwa kwa miaka lijengwe.

Na lile daraja la kuelea la Liwatoni?

Lilijengwa wakati wa korona ili kupunguza msongamano kwenye feri, na watu walianza kulivuka kwa miguu mapema mwaka 2021. Lilikuwa na urefu wa mita 824, kutoka Liwatoni, kisiwani, hadi Ras Bofu, upande wa Likoni. Kipande cha katikati kilikuwa kikifunguliwa kupisha meli, na hapo watu walingoja kama wanavyongoja feri. Siku hizi tumerudi Likoni.

Meli za kitalii hufunga wapi hasa, na jengo lao likoje?

Hufunga gati namba 1, Kilindini. Magati ya kwanza ya maji ya kina kirefu yalijengwa hapo miaka ya 1920. Wazee wetu waliwapokea hapo abiria wa meli za kampuni ya British India kama Kampala na Karanja, zilizokuwa zikiunganisha Bombay na pwani hii. Ndizo zilizowaleta babu na bibi wa Wahindi wengi wa Mombasa, wengi wao wakilala kwenye sitaha na masanduku yao. Ndege zilipokuwa rahisi, meli hizo zikaisha.

Jengo la sasa lilikuwa bohari la mizigo, likageuzwa kuwa jengo la abiria na Mamlaka ya Bandari (KPA) ikishirikiana na TradeMark East Africa, shirika la kukuza biashara. Kabla ya hapo mgeni alikuwa akishuka ngazi na kujikuta kati ya makontena na foko za kunyanyulia mizigo. Sasa kuna ukumbi, madawati ya uhamiaji na forodha, na nafasi ya wachuuzi wa vinyago. Limekusudiwa kupokea watu kama 2,000 kwa mara moja.

Nalifurahia, na nasema kweli. Lakini kila nikitoka pale na kwenda kusimama kituoni Likoni nawaza kwamba abiria ni abiria. Anayevuka bure kila siku ya maisha yake anahitaji kivuli, maji, choo safi na tangazo la kumwambia feri inayofuata iko wapi, sawasawa na anayekuja mara moja na asirudi.

Msimu wa meli za kitalii ni lini? Zinakuja nyingi?

Kwa kawaida ni kati ya Novemba na Aprili, wakati wa upepo wa kaskazi, bahari imetulia na huko Ulaya ni baridi. Zikianza pepo za kusi na mvua za masika, meli hazionekani.

Idadi hupanda na kushuka kwa sababu zisizotoka Mombasa. Novemba 2005 maharamia waliishambulia meli ya Seabourn Spirit karibu na Somalia ikiwa njiani kuja hapa. Iliwatoroka, lakini ikageuza na kwenda Shelisheli, na baada ya hapo kampuni nyingi zikaukwepa upande huu kwa miaka. Madereva wa teksi waliokuwa wakiitegemea bandari waliuza magari. Bahari ya Hindi iliondolewa kwenye orodha ya maeneo ya hatari kubwa ya uharamia kuanzia Januari 2023, na meli zimekuwa zikirudi. Norwegian Dawn, kwa mfano, imeshafunga hapa ikiwa na abiria zaidi ya 2,000. Kwa jiji letu, siku moja kama hiyo ni neema: waongozaji, madereva, wachonga vinyago, mama wa vitambaa Old Town, wote wanapata.

Naweza kuingia bandarini kumpokea mgeni wangu?

Si kwa kufika tu getini. Bandari ina ulinzi wa viwango vya kimataifa na kila anayeingia lazima awe na kibali. Kama wewe ni wakala au dereva wa kampuni ya utalii, kibali huombwa mapema. Kama ni ndugu tu, kubaliana na mgeni mkutane nje ya lango. Mwelekeze mahali panapoonekana. Mimi hupendelea Pembe za Ndovu, yale matao ya barabarani Moi Avenue, kwa sababu hakuna dereva asiyepajua.

Meli ikishafunga, mbona watu hawashuki mara moja?

Kuna taratibu. Maafisa wa afya hupanda kwanza. Meli inayongoja kibali cha afya hupandisha bendera ya manjano. Ukiiona bado inapepea, tulia. Kisha uhamiaji na forodha. Kwenye meli yenye watu 2,000 hilo si jambo la dakika kumi.

Mgeni anayetaka kukanyaga nchi anahitaji pasipoti na idhini ya kusafiri ya kielektroniki, iliyochukua nafasi ya viza mwanzoni mwa 2024, isipokuwa kama nchi yake imesamehewa. Akiwa ametoka nchi yenye homa ya manjano, awe na cheti cha chanjo. Mwambie ayamalize haya kabla ya kupanda meli, si akiwa baharini ambako intaneti inakatika.

Mgeni wangu ana saa nane tu. Nimpeleke wapi?

Swali hili ndilo lililonifundisha mengi. Ukiwa na saa nane, toa moja ya kutoka melini na mbili za kurudi mapema. Zimebaki tano.

Kwa saa tano, kaa kisiwani: Fort Jesus, iliyojengwa na Wareno kuanzia 1593 na ambayo iko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2011; kisha vichochoro vya Old Town kwa miguu; kahawa chungu na kashata; soko la viungo la Marikiti; na mwisho kando ya bahari pale Mama Ngina kwa dafu na mihogo ya kukaanga. Anayetaka wanyama anaweza kwenda Shimba Hills akawaone palahala, lakini hilo ni la upande wa pili wa feri. Tsavo Mashariki kwa siku moja inawezekana kama meli inalala. Kama haikulala, usimdanganye mgeni.

Ama Diani, sikiliza. Shemeji yangu, dereva, aliwapeleka wageni wanne Diani. Meli yao ilikuwa inaondoka saa kumi na mbili jioni. Walifika Likoni saa tisa na nusu wakakuta foleni ya magari imefika juu kabisa. Saa kumi na robo walikuwa wamesogea kama mita hamsini. Yule mama wa kizungu alianza kulia. Shemeji akanipigia simu. Nikamwambia: "Liache gari hapo kwa kijana wako, washushe, vuka nao kwa miguu." Wakateremka na umati, viatu vya mchanga mkononi, wakavuka na wauza mboga na wanafunzi, upande wa pili nikawa nimewawekea tuktuk mbili. Saa kumi na moja kasoro walikuwa langoni.

Tangu siku ile huwaambia madereva wote: foleni ya gari na foleni ya miguu ni vitu viwili tofauti. Mtu wa miguu huvuka na feri ya kwanza au ya pili. Gari linaweza kungoja saa mbili. Na kama ni lazima Diani, rudi kwa Dongo Kundu.

Kuna feri ya abiria kutoka Mombasa hadi Zanzibar au Pemba?

Hakuna huduma ya ratiba. Panda basi la Tanga au Dar es Salaam kupitia mpaka wa Lunga Lunga na Horohoro, kisha boti ya huko. Kutoka Dar ndiko boti nyingi za Unguja ziliko. Ukiwa Mkenya, beba pasipoti au hati ya muda ya kusafiria.

Wapo watakaokuambia kuna jahazi linaondoka usiku. Jahazi la mizigo halina koti za kuokolea za kumtosha kila mtu, na ukipotea hakuna orodha yenye jina lako. Usipande.

Naruhusiwa kupiga picha kwenye feri?

Hairuhusiwi, na walinzi hawana mzaha. Ni kivuko chenye watu wengi na kambi ya jeshi la wanamaji iko karibu, Mtongwe. Picha zako kazipigie Mama Ngina.

Naweza kuvuka tu kwa kuona, bila safari?

Unaweza, wala hutalipa. Nenda siku ya Jumapili, saa kumi alasiri, kabla wanaotoka pwani hawajaanza kurudi. Simama upande unaotazama bahari kuu. Siku ukibahatika kuna meli ya kitalii inayoondoka, feri itangoja pale pale gatini na wewe utakuwa ndani yake. Wageni walio juu hupunga mikono, na watoto wetu wa Likoni hupunga zaidi, wengine wakiwa wamebebwa mabegani. Hudumu kama dakika kumi. Kisha mawimbi ya meli yanafika, feri inainuka kidogo na kushuka, mama mmoja anashika beseni lake la samaki lisimwagike, na injini inaanza kunguruma.